Godoro Linamvumilia

Mlioacha chai ikapoa mkijiuliza kama Mama Mkubwa atasoma au hatasoma, jibu ni hili: alisoma. Tena alisoma kwa sauti, mbele ya wafanyakazi thelathini na wawili, akiwa amesimama juu ya kiti. Alipanda kiti kwa sababu ni mfupi na hapendi kukumbushwa.

Kwa mliochelewa kuungana nasi, habari yenyewe ni fupi. Kuna kiwanda cha magodoro. Kuna mwenye kiwanda, mjane asiyecheka kazini, ambaye kila mtu pale humwita Mama Mkubwa. Mmoja tu ndiye anayemwita Mama, basi, bila ukubwa wowote. Huyo ni mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyelelewa naye tangu ana miaka sita. Kazi yake ni kutengeneza barua pepe za matangazo, na kwa hiyo wenzake wamembandika jina la Bi Pikseli.

Na yuko Mshauri, bwana wa suti na mashati ya mistari, aliyeletwa miezi miwili iliyopita kulisafisha jina la kiwanda. Lilikuwa na uchafu gani, hakuna aliyewahi kuambiwa.

Mtakumbuka Mshauri alishinda mabishano. Alitaka tangazo zima liwe picha moja: Mama Mkubwa amejilaza juu ya mawingu, njiwa wanne, upinde wa mvua, jina la kiwanda, saa za kufungua duka, na kitufe cha kuagizia, vyote vimechorwa humo humo ndani ya picha.

Bi Pikseli alimweleza taratibu kwamba simu na kompyuta nyingi hazifungui picha za barua pepe mpaka mwenyewe aruhusu. Mpaka aruhusu, anachokiona ni kisanduku cheupe, na ndani yake yale maneno machache ambayo mtengenezaji ameyaandika kuieleza picha. Mshauri akamwambia hayo ni mambo ya kale, kisha akamrudisha abadilishe rangi ya njiwa. Akamrudisha mara kumi na moja.

Mara ya kumi na moja Bi Pikseli alikuwa hoi, na hasira zimemfika kooni. Pale penye nafasi ya maneno ya kuieleza picha akaandika kitu cha kujichekesha mwenyewe, akisema moyoni atakifuta kabla ya kutuma. Hakukifuta. Barua ikaenda kwa wateja elfu arobaini na moja.

Sasa mama wa watu yuko juu ya kiti, miwani puani, simu mkononi, anasoma kile walichokipata wateja wake wote asubuhi hiyo.

"Mama Mkubwa kalala fofofo, mdomo wazi. Godoro linamvumilia."

Huko nyuma kwa mafundi cherehani mtu mmoja akakohoa, kikohozi ambacho wote walijua si kikohozi.

Mama Mkubwa akageuza simu juu chini, akaitikisa kidogo, akauliza picha yake iko wapi. Mshauri akajitia hamnazo. Alisema kwa upole mwingi kwamba hiyo inaitwa hujuma, na kwamba yeye angekuwa mwenye kiwanda asingelala na nyoka nyumba moja.

"Nani kaandika?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Mimi, Mama."

"Mama yako nani? Kuanzia dakika hii mimi ni Mkurugenzi wako, kama nilivyo kwa wengine. Una mpaka saa tisa kuliondoa neno hili kwa watu wangu. Ukishindwa, kesho usije kazini. Nyumbani njoo uchukue nguo zako tu."

Kumwaga unga Bi Pikseli angeweza kuzoea, watu humwaga unga kila siku na maisha yanaendelea. Lakini katika dunia nzima alikuwa na mtu mmoja wa kumwita Mama, na mtu huyo alikuwa ameshuka kwenye kiti na kumpa mgongo. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo.

Hapa ni lazima niwaeleze jambo moja kuhusu kiwanda hiki, la sivyo mtadhani natia chumvi. Kina sheria iliyobandikwa ukutani tangu siku ya kwanza: godoro likienda kwa mteja na kasoro, lori linalifuata siku hiyo hiyo, na mteja haulizwi swali. Sheria hiyo ndiyo iliyokijengea jina. Kwa miaka thelathini Mama Mkubwa hajapata kosa ambalo lori halikulimaliza.

Kwa hiyo akaita lori.

Bi Pikseli alimfuata hadi uani akijaribu kumweleza kwamba barua pepe ikishaenda imeenda, hairudishwi kwa mkono wala kwa gari. Mama Mkubwa hakumsikiliza. Alisema yeye amewahi kulishusha godoro la futi sita kwa sita kutoka ghorofa ya nne, ngazi nyembamba, mvua inanyesha. Barua isiyo na hata uzito wa gramu moja itamshinda nini?

Dereva akakabidhiwa karatasi sita za mwanzo zenye anwani za wateja. Ni mtu mtiifu, ana miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kurudi na lori tupu. Akaisoma anwani ya kwanza. Akaigeuza karatasi, akaisoma tena. Mwishowe akauliza kwa adabu hiyo a ndogo iliyozungushiwa duara ni mtaa gani, na kama unaingilika kwa gari kubwa.

Mshauri akamwambia aanze na anaowajua. Dereva akafikiri, akasema kwenye orodha ile anamjua mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, wanakata nywele kwa kinyozi mmoja. Akawasha gari, akaondoka.

Bi Pikseli alibaki kwenye ngazi za ofisi, ameshika tama. Mshauri alipita akamwambia asijali, kuna kazi nyingi huko nje kwa watu wanaojua kuchekesha. Akapita zake akipiga mluzi. Bi Pikseli alimchukia kwa dhati, na nitamwacha amchukie, maana mimi mwenyewe nimeanza.

Saa saba kasoro lori likarudi.

Nyuma, katikati ya vipande vya sponji, alikuwa amekaa mzee mnene wa heshima, amepakata kompyuta yake nzima na nyaya zake zote. Dereva alieleza kwamba aliagizwa aichukue barua, na barua alivyoonyeshwa iko ndani ya kompyuta, na mwenye kompyuta akakataa kuachana nayo. Kwa hiyo amewaleta wote wawili. Hakuona kosa lolote katika mpango huo, na kwa kweli ukizingatia alivyoagizwa, halikuwepo.

Mama Mkubwa alimwamkia mgeni, akamwomba radhi kwa usumbufu na kwa maneno machafu yaliyoingia nyumbani kwake. Mwalimu akashangaa. Aliuliza ni maneno yapi machafu, maana yeye na mkewe wamecheka mpaka mke akaomba maji.

Kisha akakaa sawasawa, akaeleza haja yake kama anayesimama mbele ya darasa. Yeye na mwenzake wakijumlishwa ni kilo mia mbili na nne. Katika ndoa yao wamenunua magodoro saba kwa watu mbalimbali, yote yalisifiwa kwamba ni laini, ni ya kifahari, ni ya kisasa, na yote yalikata tamaa ndani ya mwaka. Hii ni mara ya kwanza mtu anawaambia ukweli kuhusu godoro. Hawataki la mawingu, wanataka hilo linalovumilia.

"Sasa, ungeagiza tu," Mama Mkubwa alisema.

"Ningeagizia wapi, mama? Nimebonyeza hicho kisanduku cheupe mpaka kidole kimeniuma."

Waliichomeka kompyuta kwenye ukuta wa stoo, wakamzunguka. Ndipo Mama Mkubwa alipokiona kwa macho yake kile wanachokiona wateja kwenye kompyuta kubwa, akijua sasa kwamba simu yake haikuwa mbovu: uwanja mweupe, maneno mawili matatu ya aibu, basi. Hakuna jina la kiwanda wala saa za duka. Mwalimu akasema kuna mahali ameruhusu picha ifunguke, akaenda kuoga, akarudi, akakuta imefika nusu ya upinde wa mvua. Picha ile ilikuwa na uzito wa megabaiti tisa. Ilikuwa bado inakuja.

Mama Mkubwa akamgeukia Mshauri, akamuuliza kitufe cha kuagizia kiko wapi.

Mshauri alisema kiko ndani ya picha.

Na picha iko wapi?

"Inakuja," Mshauri alisema.

Mngedhani mambo yameishia hapo na Bi Pikseli ameshinda. Bi Pikseli mwenyewe alidhani hivyo, moyo ukaanza kumpanda. Lakini Mshauri hakuwa mtu wa kuzama peke yake. Akakubali haraka haraka, mkono kifuani, kwamba picha ni kosa lake, kosa la kitaalamu, kila mtu hukosea. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini iliyosikika stoo nzima, kama na yale maneno nayo yalikuwa kosa la kitaalamu, au ndivyo binti anavyomwona mtu aliyemlea.

Uso wa Mama Mkubwa, uliokuwa umeanza kulegea, ukakaza tena.

"Picha haikuonekana, nimeisamehe," alimwambia Bi Pikseli bila kumtazama. "Maneno yameonekana. Saa tisa ni ile ile."

Bi Pikseli akapanda ngazi mpaka mezani kwake, akawasha kompyuta, akalia kidogo, akapenga makamasi, akaanza kazi. Ilikuwa saa saba na nusu.

Alifanya alivyotaka kufanya tangu mwanzo. Jina la kiwanda aliliandika kwa maneno, likae juu, lisomeke hata mtandao uwe wa kobe. Saa za duka, maneno. Kitufe cha kuagizia hakukichora, alikitengeneza kwa rangi na herufi, ili kibonyezeke picha iwepo isiwepo. Njiwa aliwafukuza wote. Akaacha nafasi ya picha moja tu, ndogo, upana wa pikseli mia sita, nyepesi ya kufunguka mara moja.

Lakini picha ipi? Alizipitia zile za studio, zote mia moja na kumi. Katika zote Mama Mkubwa alikuwa amelala kama mtu aliyeamriwa kulala, macho yamebanwa, mikono imenyooka ubavuni. Ungedhani anasubiri sindano.

Ndipo akakumbuka kwamba anayo nyingine, kwenye simu yake mwenyewe. Siku ile ya studio mpiga picha alitoka kwenda kutafuta balbu. Bi Pikseli alichungulia mlangoni akamkuta mama yake amelala kweli, kichwa kimeangukia upande, kiatu kimoja mguuni. Alipiga picha moja ya harakaharaka kutoka mlangoni, akaificha simu, hakumwambia mtu. Mama yule wa kuamka alfajiri alikuwa amelala mchana kweupe, na Bi Pikseli hakutaka limwamshe hata neno moja.

Ilikuwa na giza. Akaiongezea mwanga, kwa sababu watu wengi husoma barua zao juani, akaipunguza ikafika upana anaoutaka. Wakati wote huo macho yake yalikuwa kwenye uso wa mama yake, hayakwenda pengine popote. Hilo naomba mlishike.

Ikabaki nafasi ya maneno ya kuieleza picha, yale yatakayosomwa na kila ambaye picha haitafunguka kwake. Wengi, kwa maneno mengine. Aliandika "Mteja akipumzika," akafuta. Akaandika "Usingizi bora," akafuta. Saa nane na nusu, akaandika lile lililokuwa kweli. Akaisoma barua yote mara mbili huku amezima picha, kama ambavyo wateja wangeiona. Saa nane na dakika hamsini akabonyeza Tuma.

Alipoingia ofisini kwa Mama Mkubwa, Mshauri alikuwa ameshafika. Alikuwa ameandaa barua ya kumwachisha binti kazi, imepigwa chapa, imebaki saini tu, na kalamu ameifungua kabisa ili kuokoa muda. Koti lake amelitundika nyuma ya mlango kama mwenyeji.

Simu ya Mama Mkubwa ikalia mezani. Akaichukua, akavaa miwani. Kwake picha haikufunguka, haijawahi kufunguka hata moja tangu ainunue, maana aliambiwa zamani kwamba picha zinakula bando. Aliona kisanduku, na ndani yake maneno. Safari hii hakusoma kwa sauti. Nitawasomea mimi.

"Mama yangu amelala. Nimeishi naye miaka ishirini na mbili na kabla ya siku hii sikuwahi kumkuta usingizini, kwa sababu kila siku alisubiri nilale mimi kwanza."

Alisoma. Akarudia, midomo ikicheza. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi.

Mshauri akakohoa, akaisogeza kalamu. Alipoona haichukuliwi, akatoa simu yake, ya bei mbaya, inayofungua picha zote bila kuulizwa, akaifungua barua ili aitafutie makosa. Bi Pikseli alikuwa anamtazama. Alimwona anatabasamu, kisha tabasamu likakwama, kisha rangi ikamtoka usoni. Mshauri akasema samahani, kuna karatasi ameisahau kwenye gari. Akatoka. Barua yake akaiacha, kalamu akaiacha, na koti nalo akaliacha limening'inia.

Mama Mkubwa hakumjali. Alikuwa bado anatazama kile kisanduku.

"Ulikuwa unakoroma," alisema taratibu. "Ndivyo nilivyokuwa najua umeshalala."

Bi Pikseli hakujua kama ameruhusiwa kumwita Mama tena.

Mama Mkubwa akauliza hiyo picha yenyewe inaonwaje. Binti akazunguka meza, akamwonyesha pa kubonyeza. Mama Mkubwa, kwa mara ya kwanza maishani, akaruhusu picha, na ikafunguka pale pale.

Alijitazama muda mrefu. Akasema kumbe mdomo ulikuwa wazi kweli. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Bi Pikseli alichukua muda kuelewa kwamba mwanamke huyu anacheka, kazini, mchana, mlango ukiwa wazi.

Kicheko kikakatika ghafla. Mama Mkubwa akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaisogeza pembeni, mbali na uso wake, mpaka kwenye kona ya kushoto, kule ambako kulikuwa na giza kabla binti hajaongeza mwanga.

Kwenye kona ile kulikuwa na kiti. Juu ya kiti kulikuwa na mkoba wa Mama Mkubwa. Ukitoka ndani ya mkoba, kulikuwa na mkono wa mwanamume, umevaa shati la mistari, na kati ya vidole vyake ncha ya bahasha ya kaki inachungulia.

Mama Mkubwa aliuvuta mkoba kutoka chini ya meza. Akatoa bahasha ya kaki, ambayo haijawahi kumtoka, yenye hati ya kiwanja ambacho kiwanda kimesimama juu yake. Akaifungua. Ndani mlikuwa na karatasi nne tupu, zimekunjwa vizuri.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi, "kimbia ukamwambie mlinzi afunge geti."

Bi Pikseli alikuwa ameshafika dirishani. Geti lilikuwa wazi kabisa, limefunguliwa kumpisha Dereva, ambaye hakuna aliyemwambia aache na ambaye alikuwa anatoka kwenda kwa mteja wa pili. Kwenye kiti cha pembeni yake, bila koti, kichwa ameinamisha chini ya dashibodi, alikuwa amekaa mtu wa shati la mistari.

"Mama," Bi Pikseli aliita bila kugeuka, "anaondoka na lori letu."